Kutafiti elimu ya Ayalandi ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega: karatasi, gredi na mitego yake

Wanafunzi wa elimu pale Maseno, Egerton na Masinde Muliro wakitakiwa kulinganisha mfumo wa Kenya na wa nchi nyingine, wengi hukimbilia Uingereza au Finland. Ayalandi huwa haiwajii akilini, ilhali ni vigumu kupata nchi ya Ulaya inayofaa zaidi kwa kazi hiyo. Mtihani mmoja wa mwisho wa sekondari, Leaving Certificate, unambebesha mtoto mzigo uleule wa KCSE. Ofisi moja hugawa nafasi za vyuo kwa pointi, jinsi KUCCPS inavyofanya hapa. Karatasi za mtihani, miongozo ya kusahihisha na takwimu za gredi ziko mtandaoni bila malipo.

Taarifa si shida kuzipata. Shida ni kuzisoma. Gredi, pointi na majina ya vyuo vimebadilika mara kadhaa, na asiyejua vilibadilika lini huishia kuandika sura nzima kuhusu tofauti ambayo haipo. Kwa hiyo kabla ya lolote, jizoeze jambo moja: kila takwimu unayonakili, iandikie kando mwaka, ngazi ya karatasi (ya juu au ya kawaida, maana masomo yao hutahiniwa kwa ngazi), na upande wa mpaka ilikotoka, yaani Jamhuri au Ayalandi Kaskazini. Takwimu isiyo na hayo matatu itupe.

Swali linalojibika

Mada kama "nafasi ya mitihani katika elimu ya Ayalandi" msimamizi makini atairudisha, na asipoirudisha itakumaliza wewe. Swali linalofaa linataja mtihani, somo, miaka, na nyaraka zitakazolijibu.

Chukua mfano wa hisabati. Tangu 2012, mtahiniwa anayefaulu hisabati ya ngazi ya juu huongezewa pointi 25 za kuingilia chuo. Je, wanaoifanya karatasi hiyo waliongezeka? Mwaka 2011 walikuwa takriban asilimia 16 ya watahiniwa wa hisabati. Mwaka 2012 wakafika takriban asilimia 22. Mtafiti mwenye haraka ataandika hapo hapo kwamba pointi za ziada zilifanya kazi. Asubiri kwanza. Mwaka huohuo wa 2012 ndio shule zote za nchi zilitahiniwa kwa mara ya kwanza katika sehemu ya silabasi mpya ya hisabati, ile iliyoitwa Project Maths. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na takwimu pekee haziwezi kukuambia lipi lilivuta zaidi. Ukilieleza hilo waziwazi katika sura yako ya mbinu, umeshawapita wengi.

Maswali mengine yanayojibika kwa nyaraka za wazi: uzito wa mtihani wa mazungumzo katika somo la Kiayalandi, ambao ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 40 mwaka 2012, ukilinganishwa na nafasi ya mazungumzo katika somo letu la Kiswahili; jinsi insha ya Kiingereza inavyogawiwa alama kule na hapa; au malalamiko ya wakaguzi wakuu kuhusu kukariri, mwaka baada ya mwaka, katika somo moja.

Ramani ya mfumo

Mtoto huingia shule ya msingi akiwa na miaka minne au mitano na hukaa humo miaka minane. Miwili ya kwanza huitwa Junior Infants na Senior Infants, kisha ndipo huanza First Class hadi Sixth Class. Hapo pana mtego mdogo: First Class ni mwaka wa tatu shuleni, si wa kwanza. Ukihesabu kwa jicho la mtaala wetu wa umilisi, Infants mbili zinakaa mahali pa PP1 na PP2, na madarasa sita yanayofuata yanalingana na Gredi ya 1 hadi ya 6.

Baadaye kuna Junior Cycle ya miaka mitatu, kama sekondari msingi yetu. Tofauti kubwa ni mahali: kule miaka hiyo mitatu husomwa katika shule ya sekondari yenyewe, ilhali hapa tumeiweka katika uwanja wa shule ya msingi. Kisha kuna mwaka wa hiari uitwao Transition Year, usio na mtihani wa taifa, halafu miaka miwili ya Senior Cycle inayoishia kwa Leaving Certificate. Mwanafunzi aliyepitia Transition Year humaliza sekondari kwa miaka sita, mwenzake kwa mitano. Kwa hiyo umri wa watahiniwa hautabiriki kama unavyodhani, na "mwaka wa sita" katika ripoti ni jina la darasa wala si hesabu ya miaka aliyosoma mtoto.

Leaving Certificate yenyewe ina sura tatu. Ya kawaida ndiyo wengi hufanya. Ya pili, LCVP, ni ile ya kawaida iliyoongezewa masomo ya kazi. Ya tatu, Leaving Certificate Applied, ilianza 1995 na haimpi mtahiniwa pointi za kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ukijumlisha watahiniwa wote bila kuitenga hii ya tatu, asilimia zako za waliofuzu kwenda chuo zitakuwa na kasoro kutoka mwanzo.

Shule za sekondari nazo ni za aina mbalimbali. Nyingi za zile ziitwazo voluntary secondary zilianzishwa na mashirika ya kidini. Kuna za ufundi na vyuo vya jamii chini ya bodi 16 za elimu na mafunzo zilizoundwa 2013, na kuna za jamii na za mseto zilizoanza katika miaka ya 1960 na 1970. Katika shule za msingi, karibu tisa kati ya kumi ziko chini ya ufadhili wa Kanisa Katoliki, ingawa mishahara ya walimu hulipwa na serikali. Msomaji aliyezoea neno "mdhamini" katika shule zetu za misheni ataelewa mpangilio huo haraka kuliko Mfaransa.

Mpaka

Kisiwa ni kimoja, mifumo ni miwili. Jamhuri ya Ayalandi ina Leaving Certificate. Ayalandi Kaskazini ni sehemu ya Ufalme wa Muungano: huko watoto hufanya GCSE na A-level, bodi yao ya mitihani ni CCEA, na maombi ya chuo hupitia UCAS. Queen's University Belfast na Ulster University ziko upande huo. Ukitafuta kwa maneno ya jumla mtandaoni, matokeo ya pande zote mbili yatakuja yamechanganyika, na makala kuhusu mtihani wa kuchuja watoto wa miaka kumi na mmoja yataonekana kana kwamba yanahusu Dublin. Hayahusu. Ukiona sarafu ya pauni katika ripoti ya baada ya 2002, simama uulize uko upande gani.

Kwa historia ya kabla ya 1921 mfumo ulikuwa mmoja kisiwani kote, kwa hiyo nyaraka za zamani zinaruhusu kutazama pande zote kwa pamoja.

Kupata karatasi na miongozo

Mtihani unasimamiwa na State Examinations Commission, tume iliyoundwa 2003 na yenye makao Athlone, mji ulio katikati ya nchi. Kabla ya hapo kazi ilifanywa na wizara yenyewe. Tovuti ya tume ina hifadhi ya karatasi za kuanzia miaka ya 1990. Unachagua aina ya waraka (karatasi, au mwongozo wa kusahihisha), mwaka, mtihani, halafu somo. Ripoti za wakaguzi wakuu na takwimu za gredi ziko katika kurasa zake tofauti, na wengi huzikosa kwa sababu hawaendi mbali na karatasi.

Jifunze kusoma jina la faili, maana litakuokoa. Chukua LC003ALP100EV. LC ni Leaving Certificate. 003 ni hisabati (001 ni Kiayalandi, 002 ni Kiingereza). A inatokana na Ardleibhéal, yaani ngazi ya juu. Mahali pake ungeweza kukuta G, Gnáthleibhéal, ngazi ya kawaida, au B, ngazi ya msingi, ambayo katika Leaving Certificate ipo kwa hisabati na Kiayalandi tu. P1 ni karatasi ya kwanza. EV ni toleo la Kiingereza na IV ni la Kiayalandi. Usishtuke ukipakua faili usiyoelewa hata neno, umechukua IV. Kosa linalotokea zaidi ni kupakua karatasi ya A na mwongozo wa G, kisha kushangaa kwa nini maswali hayalingani.

Faili ukishazipata, zipe majina yako mwenyewe yanayopangika: 2019-LC-hisabati-juu-P1, 2019-LC-hisabati-juu-mwongozo, na kadhalika, mwaka ukitangulia. Miongozo ya hisabati na sayansi ina picha nyingi na hula bando; kama unatumia mtandao wa simu, ifanye kazi hiyo chuoni au saiba, pakua miaka yote kwa mkupuo mmoja, uweke nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe yako. Kisha fanya kazi nje ya mtandao.

Kusoma mwongozo wa kusahihisha

Hapa ndipo dhahabu ilipo, na ndipo watafiti wengi hupita wakikimbia. Mwongozo wa Ayalandi hausemi jibu tu, unaonyesha wanachokithamini.

Katika Kiingereza, insha husahihishwa kwa vigezo vinne vinavyofupishwa PCLM: uwazi wa lengo, asilimia 30, mshikamano, asilimia 30, ufanisi wa lugha, asilimia 30, usahihi wa tahajia na sarufi, asilimia 10. Somo zima lina alama 400, kila karatasi 200, na insha ya karatasi ya kwanza peke yake ni 100. Kwa hiyo mtoto anayekosea tahajia ovyo katika insha ile hawezi kupoteza zaidi ya alama 10 kwenye kigezo hicho, lakini aliyetoka nje ya lengo anaanza kuumia mapema, kwa kuwa alama za vigezo vingine haziruhusiwi kuzidi zile za lengo. Weka hilo kando ya namna insha inavyosahihishwa na Knec na tayari una ukurasa wa uchambuzi.

Katika hisabati utakutana na alama kama 5B, 10C au 10D pembeni mwa kila sehemu ya swali. Namba ni alama za juu kabisa za sehemu hiyo. Herufi inasema jibu linaweza kuangukia katika makundi mangapi: A ni mawili (limepatikana au halikupatikana), B ni matatu, C ni manne, D ni matano. Swali la 10D lina nafasi tatu za katikati kati ya sifuri na alama zote, yaani kuna sifa kidogo, ya wastani na kubwa kwa kazi ambayo haijakamilika. Ukitaka kupima jinsi mtihani unavyothamini hatua na si jibu la mwisho, hesabu ni sehemu ngapi za karatasi zina A na ngapi zina C au D, mwaka kwa mwaka. Kazi ya jioni moja kwa karatasi moja, na haihitaji ruhusa ya mtu.

Usiutumie mwongozo kama silabasi. Uliandikwa kwa ajili ya wasahihishaji waliokwisha kufunzwa, na hukamilishwa baada ya wao kujaribisha majibu halisi ya watahiniwa. Kwa hiyo baadhi ya majibu yaliyomo yameingia kwa sababu wanafunzi waliyaandika, si kwa sababu mtunga swali aliyatarajia.

Gredi na pointi, polepole

Mtihani wa sasa, tangu 2017, una gredi nane kwa kila ngazi. Kwa ngazi ya juu, H1 ni asilimia 90 kwenda juu, H2 ni 80 hadi chini ya 90, na hivyo hivyo kushuka kwa kumi kumi hadi H7, ambayo ni 30 hadi chini ya 40. H8 ni chini ya 30. Ngazi ya kawaida hutumia O mahali pa H kwa mipaka ileile.

Pointi za ngazi ya juu: H1 100, H2 88, H3 77, H4 66, H5 56, H6 46, H7 37, H8 sifuri. Za ngazi ya kawaida: O1 56, O2 46, O3 37, O4 28, O5 20, O6 12, na O7 na O8 sifuri. Angalia kwamba O1 ina thamani ya H5, na O2 ya H6. Masomo sita bora ndiyo huhesabiwa. Aliyepata H6 au zaidi katika hisabati ya ngazi ya juu huongezewa 25 kwenye pointi za hisabati, na ndiyo maana kilele ni 625 na si 600.

Fanya hesabu moja kwa mkono kabla ya kuipa lahajedwali kazi. Mtahiniwa wa kubuni ana: biolojia H2, jiografia H2, Kiingereza H3, Kifaransa H4, hisabati H5, Kiayalandi O2, biashara H6. Biolojia na jiografia ni 88 na 88. Hisabati ni 56 na 25, jumla 81. Kiingereza 77, Kifaransa 66. Kiayalandi na biashara zote ni 46, moja inaachwa. Jumla ni 446. Mwenye kosa la kawaida angejumlisha saba zote na kupata 492, au angesahau 25 na kupata 421. Jambo jingine: kama hisabati isingekuwa miongoni mwa sita bora hata baada ya nyongeza, zile 25 zisingehesabiwa popote.

Usijaribu kuzibadilisha pointi hizi ziwe za KCSE kwa kugawanya na kuzidisha. Kwetu wastani hutokana na masomo saba yenye jumla ya juu ya 84, na KUCCPS hutazama kundi la masomo manne yenye jumla ya 48. Kwao masomo mengi yana ngazi mbili za karatasi, hisabati na Kiayalandi tatu, kwetu hamna kitu kama hicho. Linganisha nafasi ya mtahiniwa ndani ya kundi lake, kwa mfano asilimia ya juu kabisa kumi, lakini si pointi kwa pointi.

Sasa mipasuko ya miaka. Kati ya 1992 na 2016 gredi zilikuwa A1, A2, B1, B2, B3, C1 na kuendelea hadi D3, kila moja ikiwa na upana wa asilimia tano isipokuwa A1 iliyoanzia 90. A1 ilikuwa pointi 100, A2 90, B1 85. Ukitaka mfululizo mmoja unaopita 2017, unganisha za zamani ziwe mpya: A2 na B1 ndizo H2, B2 na B3 ni H3, C1 na C2 ni H4, C3 na D1 ni H5, D2 na D3 ni H6. Hadi hapo mipaka inakutana sawasawa. Chini ya 40 haikutani: E ya zamani ilianzia 25, H7 mpya inaanzia 30. Kwa hiyo chini ya 40 weka kundi moja tu na uache hapo. Tena H7 ina pointi 37 ilhali E haikuwa na kitu, jambo lililofanywa ili mwanafunzi asiogope kujaribu ngazi ya juu. Pointi za kuingia kozi fulani mwaka 2015 na mwaka 2018 haziko katika mizani moja, hata kama tarakimu zinafanana.

Mpasuko wa pili ni wa janga la korona. Mwaka 2020 mtihani wa Juni haukufanyika. Walimu walitoa makadirio, yakasawazishwa kitaifa. Mwaka 2021 mwanafunzi aliweza kuchagua makadirio, mtihani, au vyote viwili akachukua kilicho bora. Gredi zilipanda sana. Kuanzia 2022 mitihani ilirudi, lakini baada ya kusahihisha alama ziliongezwa ili matokeo kwa jumla yasianguke ghafla, na mwaka 2025 ndipo nyongeza hiyo ilianza kupunguzwa. Mtihani wa Junior Cycle haukufanyika kabisa 2020 wala 2021. Ushauri wetu ni mkali: mfululizo wako uishie 2019, au miaka ya 2020 na kuendelea ichambue peke yake. Mstari unaopanda kutoka 2019 hadi 2021 hauonyeshi kwamba watoto walijua zaidi.

Na mpasuko wa tatu uko njiani. Silabasi mpya za biolojia, kemia, fizikia na biashara zilianza kufundishwa 2025 na zitatahiniwa mara ya kwanza 2027, kila moja ikiwa na kazi ya mwanafunzi yenye asilimia 40 ya alama. Anayeandika pendekezo la utafiti sasa alitaje hilo.

Kuingia chuo

Central Applications Office, ambayo kila mtu huiita CAO, ilianzishwa 1976 na iko Galway. Mwombaji huorodhesha hadi kozi 10 za shahada ya heshima (yaani honours, si ile ya kutunukiwa) na nyingine 10 za ngazi ya chini yake, kwa mpangilio wa anavyozitamani. Mwisho wa kawaida wa maombi ni tarehe 1 Februari, na tarehe 1 Julai ni mwisho wa kubadilisha nia. Nafasi hutolewa Agosti, baada ya matokeo.

Pointi za kozi zinazotangazwa ni za mtu wa mwisho kupata nafasi. Si wastani, wala si kipimo cha ugumu wa kozi. Kozi yenye nafasi 15 na waombaji wengi itakuwa na pointi za juu kuliko yenye nafasi 300, hata kama ya pili ni ngumu maradufu. Alama ya nyota karibu na pointi inamaanisha si wote waliokuwa na pointi hizo walipata: waliofungana walipangwa kwa namba za kubahatisha. Alama ya reli (#) inamaanisha kuna mtihani mwingine, mahojiano au kazi ya sanaa. AQA inamaanisha kila aliyetimiza masharti alichukuliwa. Herufi mbili za mwanzo wa msimbo zinataja chuo: TR ni Trinity, DN ni University College Dublin, CK ni Cork, GY ni Galway, LM ni Limerick.

Majina ya vyuo yatakuchosha. Chuo kimoja cha Galway kilikuwa Queen's College mwaka 1845, University College Galway mwaka 1908, NUI Galway mwaka 1997, na University of Galway tangu 2022. Vyuo vingi vya teknolojia navyo vimeungana kuwa vyuo vikuu vya teknolojia chini ya sheria ya 2018: TU Dublin ilianza Januari 2019, ya Munster Januari 2021, na nyingine tatu zikafuata kati ya Oktoba 2021 na Mei 2022. Katika lahajedwali weka safu mbili, jina la wakati huo na jina la sasa, vinginevyo chuo kimoja kitahesabiwa mara tatu.

Ngazi za sifa nazo zina mtego wake. Kenya na Ayalandi zote zina ngazi 10, lakini namba hazilingani. Kwao ngazi ya 7 ni shahada ya kawaida na ya 8 ndiyo shahada ya heshima. Kwetu shahada ya kwanza iko ngazi ya 7. Uzamili na uzamifu ni 9 na 10 pande zote.

Kuhusu karo, utasoma kwamba masomo ya shahada ya kwanza ni bure tangu 1996. Ni kweli kwa wanaostahiki kutoka Umoja wa Ulaya, na hata wao hulipa mchango wa kila mwaka. Mwanafunzi kutoka Nakuru hulipa ada kamili ya kimataifa na kwa kawaida huomba moja kwa moja kwa chuo, nje ya CAO. Usiandike "elimu ya juu ni bure Ayalandi" bila sentensi hiyo ya pili.

Takwimu za shule moja moja

Utazitafuta na hutazipata, na kuna sababu. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Elimu ya 1998 kinairuhusu wizara kukataa kutoa taarifa zinazoweza kutumika kupanga shule kwa matokeo. Magazeti huzunguka kizuizi hicho kwa kuchapisha orodha za shule na idadi ya wanafunzi walioingia chuo kutoka kila moja. Orodha hizo zina walakini: baadhi ya shule huonekana kupeleka zaidi ya asilimia 100, kwa kuwa waliofanya mtihani miaka iliyotangulia huhesabiwa pamoja na wa mwaka huo. Zitumie kuonyesha mjadala, usizitumie kupima ubora.

Kinachopatikana ni ripoti za ukaguzi wa kila shule, zinazochapishwa tangu 2006, orodha ya shule zenye idadi ya wanafunzi, na shule zilizo katika mpango wa DEIS wa maeneo yenye uhitaji, ulioanza 2005. Kila shule ina namba yake ya tarakimu tano na herufi moja. Tumia namba hiyo kuunganisha majedwali. Majina ya watakatifu yanajirudia hadi kizunguzungu.

Historia

Mwaka 1831 ndio ulianza mfumo wa shule za kitaifa. Sheria ya 1878 ilileta mitihani ya sekondari ambayo shule zililipwa kulingana na matokeo yake, na lawama za kukaririsha zilianza hapo, zamani sana kabla ya gazeti lolote la Kenya kulalamikia mitihani. Leaving Certificate ilifanywa mara ya kwanza 1925. Sekondari bila karo ilitangazwa na waziri Donogh O'Malley Septemba 1966 na kuanza 1967, miaka arobaini na moja kabla ya elimu ya kutwa bila malipo katika sekondari zetu mwaka 2008. Ulinganisho huo wa mwisho bado haujachimbwa vya kutosha.

Sheria zote ziko bure katika tovuti ya sheria za Ayalandi, na mijadala ya bunge lao kuanzia 1919 inatafutika kwa neno. Faili za shule za kitaifa za karne ya 19 ziko National Archives, Dublin, za kaskazini Belfast. Tafuta pia hazina za tasnifu za vyuo vyenyewe, ambazo nyingi zinasomwa bila malipo.

Upande wetu kuna nyuzi za kufuata. Mabradha wa Patrician kutoka Ayalandi waliijenga St Patrick's, Iten, na Bradha Colm O'Connell aliyefika hapo 1976 anajulikana kwa riadha kuliko kwa ualimu wake wa jiografia. Vituo vya nyaraka za taifa vya Kisumu, Nakuru na Kakamega vina faili za elimu za wilaya. Nenda na orodha ya majina ya shule na miaka, kwa sababu mhudumu hawezi kukuletea "chochote kuhusu wamisheni". Ukipanga kuwahoji walimu au watawa wastaafu, chukua kwanza idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako na leseni ya utafiti ya NACOSTI. Ukisoma nyaraka za wazi tu, muulize msimamizi kama chuo kinataka hata hiyo.

Ukilazimika kuiandikia ofisi ya Ayalandi, epuka kati ya Juni na mwanzo wa Septemba: mitihani huanza mapema Juni, matokeo na nafasi hutoka Agosti, na barua yako itakaa. Oktoba na Novemba ni bora. Taja waraka unaoutaka kwa mwaka, mtihani, somo na ngazi, katika barua isiyozidi sentensi tano. Ukipiga simu, kumbuka saa tatu asubuhi ya Athlone wakati wa kiangazi chao ni saa tano Kisumu, na wakati wa baridi ni saa sita adhuhuri.